Barua ya wazi kwa vijana wanaoanza utafiti

Wanangu,

Salamu. Nimekaa maabara miaka mingi na kuna jambo naliona likijirudia. Kijana wa biolojia anapata matokeo yasiyoeleweka, anahangaika nayo peke yake miezi na miezi, kumbe mkemia ambaye angemsaidia yuko ghorofa ya juu na hajaulizwa neno. Ombi langu kwenu ni moja: pigeni hodi mapema.

Chukueni kisa cha Barnett Rosenberg, mtu aliyesomea fizikia. Miaka ya 1960, akiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alitaka kujua kama umeme unaathiri kugawanyika kwa seli. Yeye na wenzake wakapitisha umeme kwenye chombo chenye bakteria wa E. coli. Bakteria wakaacha kugawanyika lakini wakazidi kurefuka, wengine hadi mara 300 ya kawaida yao. Mwenye pupa angeandika papo hapo kwamba umeme unazuia seli kugawanyika, akachapisha, akaenda zake. (Na wahakiki wanaopima makala kabla ya kuchapishwa wangempitisha, msinibishie.)

Wao walichimba zaidi, wakakuta umeme wenyewe hauna hatia. Elektrodi, yaani vipande vya metali vinavyoingiza umeme kwenye maji, zilikuwa za platinamu, metali inayosifika kwa kutoguswa na chochote. Kiasi kidogo kilikuwa kinayeyuka na kuungana na amonia na kloridi zilizokuwamo kwenye maji ya kuoteshea. Hapo ndipo kemia ilipohitajika, maana kiungo cha kikemia kilichotokana na muungano huo kilikwisha kuelezwa na mkemia Michele Peyrone mwaka 1845. Kwa zaidi ya miaka 100 kilikuwa kwenye vitabu vya kemia bila daktari hata mmoja kukihitaji. Leo tunakiita sisplatini. Kilijaribiwa kwa panya wenye uvimbe wa saratani, na mwaka 1978 kikaidhinishwa Marekani kutibu saratani ya korodani na ya ovari.

Lakini kabla ya hapo dawa ilikuwa karibu kutupwa, kwa sababu iliharibu figo za wagonjwa na kuwatapisha vibaya sana. Mkemia angeanza kubuni molekuli nyingine. Madaktari waliokuwa wodini walijaribu kitu cha kawaida kabisa: kumwekea mgonjwa dripu za maji mengi, pamoja na dawa ya kumkojoza, ili figo zisafishike. Ikawezekana kuitumia.

Kwa hiyo andikeni kwenye daftari la maabara hata yale mnayoyaona hayana maana: elektrodi ni ya metali gani, chumvi ipi, chupa ilikaa kwenye mwanga au gizani. Matokeo ya ajabu yapelekeni kwa mtu wa fani nyingine kabla hamjayatungia maelezo yenu, maana mkishayapenda hamtasikia la mtu. Na mkiulizwa swali linaloonekana la kijinga, lijibuni kwa utulivu. Mara nyingi ndilo lenyewe.

Kuhusu ugomvi wa mpangilio wa majina ya waandishi kwenye makala, ambao umevunja urafiki mwingi kuliko majaribio yaliyoshindikana: kubalianeni nani anatangulia kabla sampuli ya kwanza haijatoka kwenye friji, tena kwa maandishi, msimamizi akiwapo.

Ni mimi mzee wenu