Tumbo lipi hilo linalouma?

Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti husomwa hata na mtu asiyekanyaga hospitali mwaka mzima, kwa hiyo neno likitumika ovyo humo hufika mbali. Ninalolalamikia ni "tumbo". Katika mazungumzo, tumbo ni chochote kilicho kati ya mbavu na nyonga, na hata mimba hukaa tumboni. Lugha imetaka hivyo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na makala ya kitabibu inayoandika "vidonda vya tumbo" toka aya ya kwanza hadi ya mwisho bila kusema viko wapi.

Vidonda hivyo hukaa zaidi mahali pawili. Pa kwanza ni mfuko wa chakula, ule unaopokea tonge likishateremka. Pa pili ni duodeni, yaani sentimita 25 hivi za mwanzo wa utumbo mwembamba. Kidonda cha duodeni mara nyingi huuma mtu akiwa na njaa au usiku, akila kinatulia. Cha mfuko wa chakula huelekea kuuma baada ya kula. Dalili hizi hupishana, na mwamuzi ni endoskopi, ile kamera inayopitishwa mdomoni. Kidonda kikikutwa kwenye mfuko wa chakula, daktari hunyofoa vipande vidogo vikapimwe, maana saratani inaweza kujificha kwa sura ya kidonda, na mara nyingi mgonjwa hurudishwa kwenye kamera baada ya dawa ionekane kama kimefunga. Cha duodeni ni nadra sana kuwa saratani. Aliyeambiwa ana vidonda vya tumbo angepaswa kuuliza, "Vya wapi, daktari?" Hawezi kuuliza kwa maneno ambayo hajawahi kuyasoma.

Makala hizo hizo bado husingizia mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria aitwaye helikobakta pailori na kuonyesha kuwa ndiye mhusika mkuu. Mhusika wa pili ni dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni, ambazo mtu huzikimbilia akisikia "tumbo linauma". Bakteria hupimwa kwa choo au kwa pumzi, na kabla ya kipimo mtu huacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, wiki 2 na antibayotiki wiki 4. Asipofanya hivyo, majibu yanaweza kusema hana ilhali anaye. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili, yaani chembechembe ambazo mwili huzitengeneza kupambana na bakteria, nazo hubaki mwilini muda mrefu baada ya bakteria kufa. Hakifai kumwambia mtu kama amepona, ingawa bado wapo wanaokilipia kwa kazi hiyo hiyo.

Juu kidogo ya hapo kuna "saratani ya koo". Ipi? Umio ni mrija wa sentimita 25 hivi unaopeleka chakula chini, na saratani yake inasumbua sana ukanda wetu wa Afrika Mashariki. Huanza kwa ugali au nyama kukwama, baadaye uji, mwisho hata maji. Saratani ya kisanduku cha sauti hukwaruza sauti, na sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 inahitaji daktari wa masikio, pua na koo. Anayekwamiwa na tonge anahitaji endoskopi. Gazeti likiwaita wote "wagonjwa wa koo" linawapanga foleni moja, na mmoja wao anapoteza miezi.

Linalonikera kuliko yote ni manjano. Kiungo cha pilau kimetupa jina la rangi, rangi ikatupa jina la dalili, dalili ikageuzwa ugonjwa. Macho kuwa ya njano ni dalili tu: huenda ini limevimba, huenda jiwe limeziba njia ya nyongo, huenda chembe za damu zinavunjika. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi vinavyoenezwa na mbu, chanjo yake ni dozi 1, na tangu 2016 cheti chake hudumu maisha yote. Homa ya ini aina ya B haihusiani na mbu. Hupita kwa damu, kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na mtu mzima kwa kawaida huchanjwa dozi 3: ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6. Mwenye kadi ya njano ya kusafiria anayeamini ameshachanjwa "manjano" hana kinga yoyote ya homa ya ini.

Kuna pia "amegundulika ana kidole tumbo". Hicho ni kijifuko chembamba kwenye mwanzo wa utumbo mpana, na karibu kila mtu anacho, labda awe ameshakatwa! Ugonjwa ni kuvimba kwake: maumivu huanza karibu na kitovu, kisha huhamia chini upande wa kulia. Asipewe dawa ya kuharisha wala enema (maji yanayoingizwa kwa njia ya haja kubwa), kinaweza kupasuka.

Na mwandishi akiandika "damu kwenye choo", ataje rangi. Nyekundu mbichi kwa kawaida hutoka chini, pengine ni bawasiri, lakini ichunguzwe hata hivyo, maana saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu. Choo cheusi, chenye kunata kama lami na harufu kali, mara nyingi ni damu ya juu, kwenye mfuko wa chakula au duodeni, na huyo aende hospitali siku hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito navyo hufanya choo kiwe cheusi bila damu yoyote. Hilo nalo liandikwe, wasije wakavitupa.

Mfasiri wa maandishi ya tiba,
Dar es Salaam