Risala ya Klabu ya Sanaa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Picha za Watu Walioruka Angani kwa Maputo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, shikamooni.

Mgeni Rasmi, picha sita ulizoziona ukutani ulipoingia ni nakala za michoro ya Ulaya ya karne ya 18, enzi ambazo fundi alichonga bamba la shaba, akachapa, kisha akapaka rangi kwa mkono. Tulizichagua kwa sababu ya karatasi. Joseph na Étienne Montgolfier wa Annonay, Ufaransa, walizaliwa katika ukoo wa watengeneza karatasi, na puto walilorusha hadharani tarehe 4 Juni 1783 lilikuwa la kitambaa kilichobandikwa karatasi ndani. Lililofuata lilipambwa na Jean-Baptiste Réveillon, fundi wa karatasi za kupamba kuta. Kwa hiyo maputo haya kukaa ukutani si ugeni.

Picha inayozua ubishi ni ya kasri la Versailles, Ufaransa, tarehe 19 Septemba 1783: kondoo, bata na jogoo wanapaa mbele ya Mfalme Louis XVI. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza huuliza, bata wa nini na kuruka anajua? Ndiyo hoja yenyewe. Bata amezoea anga. Akidhurika yeye, lawama ni ya chombo.

Inayofuata ni ya Pilâtre de Rozier na Marquis d'Arlandes, watu wa kwanza kuruka kwa puto lisilofungwa kamba, juu ya Paris, tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, dakika kama 25, wakichochea moto wa majani makavu na kuzima cheche kwa sponji. Pembeni yake ipo ajali iliyomuua Pilâtre mwaka 1785. Tulishauriwa tuiondoe, inasikitisha. Tulikataa.

Ndugu Montgolfier waliamini kinachoinua puto ni moshi, ndiyo maana walichoma majani na sufu. Walikosea: ni hewa kupata joto na kuwa nyepesi. Maputo ya watalii kule Serengeti hupaa kwa moto wa gesi, moshi wa majani haumo.

Mgeni Rasmi, fremu tulizopata ni tano. Picha ya Élisabeth Thible, mwanamke wa kwanza kuruka kwa puto lisilofungwa kamba, Lyon, 1784, tumeibandika kwa uji wa unga, na ukuta ule huvuja masika. Tunaomba fremu moja ya kioo na mabati mawili.

Naomba kuwasilisha.