Si mimi!

Salum mwanangu, za siku nyingi? Najua nina deni la meseji zako tatu, ntajibu, ila kwanza chukua hii maana nacheka peke yangu tangu juzi.

Tulikuwa kwenye kikao cha video, kuna dada Mhispania tunafanya naye kazi, akauliza nani kafuta faili. Nikamgeukia jamaa wa pembeni nikanong'ona "si mimi", kumbe maiki iko wazi. Dada akanishukuru kwa kusema ukweli! Kwao sí ni ndiyo, na mí nayo ni mimi, ile inayokuja baada ya "kwa", kwa hiyo alichosikia yeye ni mtu anakiri kosa.

Basi nikaanza kukafuatilia haka kaneno. Waitaliano nao sì ni ndiyo, tena Dante, mshairi wao wa zamani, aliwahi kuzigawa lugha za kule kwa ndiyo zao, hawa wa oc, hawa wa oïl, hawa wa sì, na Ufaransa hadi leo kuna eneo linaitwa Languedoc, yaani lugha ya oc. Mfaransa sasa ndo kiboko, si yake ni "kama", halafu ni ndiyo ya ubishi, ukimuuliza "hujala?" anakujibu si, yaani nimekula bwana we vipi. Hiyo naitamani, maana sisi mtu akiulizwa "hujala?" akajibu "ndiyo" hujui umpakulie au umwache. Kitagalogi cha Ufilipino wanaiweka mbele ya jina la mtu tu, si Salum, haina neno kwao, ila kwa masikio yetu ushakanwa hivyo 😂

Ila na sisi tuache kuwacheka. "Si wewe uliyefuta", hapo umesafishwa. "Si wewe uliyefuta?", hapo umeshikwa, na maneno ni yaleyale, sauti tu ndo imebadilika. Na mtu akikwambia "si nilikwambia!" ujue alikwambia kweli.

Sasa wakati nahangaika kujitetea, jamaa akaona anisaidie, nikamgeukia nikamuuliza "sijagusa kitu mimi, au nadanganya?", akadakia kwa sauti, "si ndio!" Dada akasikia sí nyingine, akaandika jina langu.

Faili lenyewe jioni likakutwa kwenye folda nyingine, hakuna aliyefuta.

Niandikie basi, na wewe usininunie.