Mwalimu bora wa hesabu apewe S1

Ndugu mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nina neno moja kwa wakuu wa shule za sekondari na ma-DOS wao, wale wakuu wa taaluma wanaopanga ratiba, na kwa wazazi pia maana wao ndio wanalipa. Yule mwalimu wa hesabu mliye naye ambaye ni bora kuliko wengine wote, mpeni S1, yaani kidato cha kwanza. Sio S4, S1. Najua wengi watashangaa kwa sababu sisi tumezoea kinyume chake kabisa, na ndio maana nimeandika.

Mimi nafundisha hesabu huku Busia, upande wetu wa Uganda, na nimepita shule kadhaa maana walimu wa hesabu wengi tunafanya pati-taimu, asubuhi uko hapa mchana uko kule. Karibu kila shule mpango ni uleule. Ratiba ikipangwa wanaanza na madarasa ya mtihani. Mwalimu mkongwe, yule anayeendaga kusahihisha mitihani ya taifa ya UNEB, anapewa S4, na kama shule ina A-level anaongezewa S6. Anayemfuata anachukua S3. Halafu huku chini anawekwa yeyote aliyebaki, mara kijana aliyetoka chuo juzi, mara mwanafunzi wa chuo aliyekuja kwa mazoezi ya kufundisha ambaye baada ya wiki chache anaondoka, mara mwalimu wa fizikia ambaye vipindi vyake havijajaa. Hao vijana siwalaumu hata kidogo, wanajitahidi sana, ila wanapewa kazi ngumu kuliko zote shuleni na hakuna mtu wa kuwaongoza.

Maana kazi ngumu iko S1. Watu wanadhani iko S4 kwa sababu mada za kule zinaonekana nzito, lakini mtoto aliyefika S4 akiwa vizuri, mada mpya ukimweleza mara mbili anaishika. Huyu wa S1 amekuja na miaka saba ya primary kichwani, kuna makosa ameyazoea mpaka anaamini ndio njia yenyewe, na wewe unatakiwa uyaone, uyatoe, uweke kitu sahihi, na silabasi ya S1 nayo iende. Hiyo inataka mtu aliyeshasahihisha makosa mengi maishani mwake, akitazama daftari tu anajua mtoto alikuwa anafikiria nini.

Ngoja nieleze kwa mfano. Waandikie S1 ubaoni nusu jumlisha theluthi, 1/2 + 1/3, wiki ya kwanza kabisa ya muhula. Utapata 2/5 nyingi sana. Mtoto amejumlisha juu na juu, chini na chini. Mwalimu mgeni ataweka alama ya kosa, atarudi ubaoni, atawaonyesha tena kutafuta kigawe kidogo cha shirika, 6, halafu 3/6 na 2/6, jibu 5/6, wataandika wote, atawapa zoezi la mengine kama hayo na watayapata. Baada ya mwezi ukirudi hapo utakuta 2/5 imerudi palepale, kwa sababu hakuna aliyeigusa. Mwalimu mzoefu hakimbilii ubao. Nimewahi kumuona mmoja, simtaji, akimuuliza mtoto taratibu, haya, hii 2/5 yako na ile nusu uliyoanza nayo ipi kubwa? Mtoto akachukua karatasi, akaikunja, akaipaka rangi, akakaa kimya akiitazama, halafu akasema, "Lakini mwalimu, nusu ni kubwa." Sawa, sasa ulikuwa na nusu, ukaongezewa kitu, ukabaki na kidogo kuliko ulichoanza nacho, inawezekana? Darasa zima likaanza kubishana. Kile kipindi kiliisha bila hata zoezi moja kwenye daftari, na DOS angepita dirishani angeona kama kelele tu, lakini wale watoto sikuwaona tena na 2/5.

Au chukua 3x = 12. Wengi wameambiwa kwamba namba ikivuka ile alama ya sawasawa inabadilika, jumlisha inakuwa toa, basi. Kwa hiyo 3 inavuka, inakuwa toa 3, x ni 9. Ukimwambia arudishe 9 pale kwenye x aone kama mara tatu yake inatoa 12, anakushangaa, hajawahi kuambiwa kwamba jibu linaweza kuangaliwa, kwake jibu ni kitu mwalimu anakuja kukipigia tiki. Hii ya x kuwa 9 nakutana nayo S3 kila mwaka, imevaa nguo nyingine tu, imejificha katikati ya milinganyo miwili ya pamoja mistari mitano chini, na pale S3 hakuna mtu ana muda wa kuitafuta imetoka wapi, unakata maksi unaenda kwenye daftari linalofuata maana meza ina madaftari mia.

Na namba hasi jamani. Toa 3 toa 5, yaani -3 - 5, ukiuliza S1 watakujibu 8, eti hasi na hasi ni chanya, kanuni ya kuzidisha wameibeba mpaka kwenye kutoa. Lakini hawa ni watoto wa Busia, mpaka uko palepale. Binti ukimkuta Jumamosi kwenye meza ya mama yake anauza mukene, wale dagaa, mteja kutoka ng'ambo anampa mia mbili ya Kenya kwa mzigo wa elfu nne ya kwetu, tuseme siku hiyo shilingi moja ya Kenya ni 28, hashiki kalkuleta wala simu, anakwambia hiyo ni elfu tano na mia sita, chukua chenji yako elfu moja na mia sita. Hajakosea. Sasa huyuhuyu muulize, kama una deni la elfu tatu na leo umekopa tena elfu tano, una nini? Atakwambia nadaiwa elfu nane, na atashangaa kwa nini unauliza kitu rahisi hivyo. Basi kazi ni kumwonyesha kwamba hicho alichosema ndio toa 8 iliyoko ubaoni. Anayejua pa kuanzia anaimaliza asubuhi moja. Asiyejua atakaririsha kanuni za alama muhula mzima na binti ataendelea kuamini kwamba hesabu ya sokoni na hesabu ya shule ni vitu viwili tofauti.

Tena hawa wa miaka hii wana lao la ziada. Shule zilifungwa Machi 2020 na zikaja kufunguliwa kabisa Januari 2022, hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kama sisi. Aliyekuwa P4, darasa la nne la primary, mwaka 2020, kama hakurudia darasa, aliingia S1 mwaka 2025, na wadogo zao waliokuwa P3 wakafuata nyuma yao. Wengine walirudi wiki chache mwaka 2021, halafu Juni zikafungwa tena. Na P4 kwa shule nyingi za vijijini ndio mwaka wa kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiingereza, na ndio wakati hesabu za sehemu, kama ile 1/2 na 1/3, zinaanza kupamba moto, kwa hiyo huyu mtoto vyote viwili vilimpita akiwa nyumbani anachunga au anauza ndizi. Alipanda darasa pamoja na wenzake, PLE, ule mtihani wa kumaliza primary, akafanya, akapata nafasi. Hana kosa. Lakini akifika S1 anakuta masomo kumi na mbili kwenye ratiba na mwalimu wa hesabu ambaye ameambiwa amalize silabasi.

Mtaala huu mpya ulioanza na S1 mwaka 2020 mimi naupenda, nasema wazi. Wa kwanza walifanya mtihani wake wa UCE, ule wa kumaliza S4, mwaka 2024, zile D1 mpaka F9 zikaondoka tukaingia A mpaka E, na asilimia 20 ya maksi inatokana na kazi za shuleni. Maswali yake yanatoka kwenye maisha, unapewa habari ya mkulima anayetaka kuzungushia shamba fensi ana pesa kiasi fulani, wewe mwenyewe ndio ugundue ni hesabu gani inatakiwa. Vizuri sana. Lakini swali la hivyo linamuumbua zaidi yule asiye na msingi. Zamani angeweza kukariri hatua za swali namba 4 maana kila mwaka lilikuwa linafanana, sasa hakuna cha kukariri, kama sehemu na namba hasi hazijakaa vizuri, ile habari ya mkulima anaisoma yote, anaielewa, anajua mpaka kinachotakiwa, halafu anaanguka kwenye kugawanya. Nimeona karatasi kama hizo, inauma.

Vitabu tumebadilisha mara nyingi nchi hii. Mwaka 1962 wataalamu walikusanyika Entebbe kuandika vitabu vya hesabu mpya vya Afrika, mpaka leo vinaitwa hesabu za Entebbe. Toka 2005 tukapata mafunzo ya SESEMAT, ya walimu wa sayansi na hesabu, kwa msaada wa Wajapani, kuna walimu yaliwasaidia kweli. Mwaka 2022 serikali ikapandisha mshahara wa walimu wa sayansi na hesabu wenye digrii walioko serikalini mpaka milioni nne, na wenzetu wa arts wakagoma wakitaka na wao, na mimi naona wana haki yao. Yote hayo ni mambo makubwa yanayotoka juu. Hili la nani asimame S1 halihitaji Bunge wala wafadhili, linaamuliwa ofisini kwa DOS na kalamu moja, na ndio linaloniumiza roho, kwamba liko karibu hivyo na halifanyiki.

Najua jibu nitakalopewa, nimeshapewa uso kwa uso. Wanasema mwalimu, shule inaishi kwa matokeo, mzazi anatazama S4 amepata A ngapi, tukimtoa mkongwe S4 tukianguka mwaka mmoja tu mwaka unaofuata hatupati wanafunzi. Hiyo hofu ni ya kweli na siidharau, shule binafsi hasa inaweza kufungwa kwa jambo hilo. Lakini mkongwe wa S4 anafanya nini sasa hivi? Mimi naona nusu ya kipindi chake anafundisha S1 akiwa S4, anarudia sehemu, anarudia alama, na mtoto wa miaka kumi na saba anaona aibu kuuliza vitu vya utotoni mbele ya wenzake, kwa hiyo anakaa kimya. Mtoto wa S1 haoni aibu, anauliza chochote. Huo wakati ukipita haurudi.

Na sisemi mkongwe atolewe S4 kabisa. Kila mwalimu mzoefu wa hesabu shuleni ashike mkondo mmoja wa S1, mmoja tu, hata akiwa na S4 yake. Yule kijana mgeni akae nyuma ya darasa muhula wa kwanza aone mwenzake anavyouliza, muhula wa pili washikane, wa tatu aende peke yake. Na wiki tatu za kwanza za S1 silabasi isubiri, watoto wapewe maswali mafupi ya primary, yasiyo na maksi wala ya kutangazwa mstarini, mwalimu apate kujua nani amekwama wapi. Zile wiki tatu hazipotei, zinarudi zenyewe S2.

Wazazi mnaokwenda shule siku ya kutembelea, pamoja na kuku na chapati mlizobeba, muulizeni mkuu wa shule swali moja, nani anafundisha mtoto wangu hesabu na ana muda gani kazini. Wakaguzi wa wilaya nao wakifika wasiishie kwenye S4, waingie S1 wakae kipindi kizima. Hata anayesema mwanangu si wa sayansi asijidanganye, hesabu ni lazima mpaka S4, na akienda A-level asipochukua hesabu kamili anakutana na Sub-Math, ile hesabu ndogo ya A-level, au kompyuta, na anayesoma economics hesabu inamfuata tu.

Na wewe mhariri, nakuomba kitu. Kila matokeo ya UNEB yakitoka magazeti yetu yanajaa picha za watoto wamebebwa mabegani na mwalimu wa S4 amesimama pembeni, na wanastahili. Safari ijayo mwambie mwandishi wako aulize pia nani aliwapokea watoto hao S1, amtafute huyo mwalimu popote alipo, amuulize alianza nao vipi. Mimi wawili watatu nawafahamu hapa Busia na Tororo, wako tayari kuongea.

Wako,
Mwalimu wa hesabu, Busia