Meno ya Bandia Yakianza Kupwaya, Usikimbilie Gundi

Mwezi uliopita bibi mmoja alituingilia hapa kwetu Ngamiani, Tanga, tunakotengeneza meno ya bandia, mkononi ana leso iliyofungwa fundo. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akalifungua. Ndani mlikuwa na meno yake ya juu, yamepasuka katikati ya kaakaa na kuungwa kwa supa gluu na mjukuu. "Yananichoma, mwanangu. Muhogo sili tena." Tulipoyageuza kwenye mwanga tukaona gluu imekauka na kufanya makali kama gamba la chaza, na vipande viwili havikukutana sawasawa.

Yale meno hayakupasuka kwa kuanguka. Chanzo kilikuwa chini, kwenye fizi. Jino likishang'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi ukaanza kupungua, zaidi mwaka wa kwanza, kisha polepole miaka yote. Meno ya bandia yametengenezwa kwa akriliki, yaani plastiki ngumu, kufuata fizi ya siku uliyopimwa, nayo hayapungui. Basi panabaki uwazi, meno yanapwaya, na kila ukitafuna yanajipinda kidogo pale katikati. Pweza na muhogo wa kuchoma humalizia tu kazi iliyokwisha kuanza.

Dawa yake, yakiwa bado mazima, ni kuyajaza upya upande wa ndani. Tunapaka dawa laini ya kupimia, unayavaa, inashika umbo la fizi ya leo, kisha tunaweka akriliki mpya mahali pake. Meno ni yale yale uliyoyazoea, kitako ndicho kipya. Ya chini, tuseme kweli, hayatakaa imara kama ya juu: hayana kaakaa la kugandia kwa mate, na ulimi unayasukuma kutwa. Kama yako ni ya pengo moja au mawili, yenye vikonyo vya waya, usivikaze mwenyewe kwa koleo. Waya hukatika, au hulibana jino zima hadi likauma.

Usiku yavue. Tunajua wako wanaolala nayo kwa kumwonea haya mwenzi, na hatumlaumu mtu, lakini fizi inahitaji kupumzika. Isipopumzika, fangasi huota chini yake na kaakaa likawa jekundu. Yasugue kwa brashi laini na sabuni ya vyombo, maana dawa ya meno huyakwaruza, kisha yalaze kwenye bakuli la maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda, na yakiachwa makavu nayo huharibika umbo.

Kidonda chochote mdomoni kisichopona kwa wiki mbili kionwe na daktari, hata kama unadhani ni meno tu yanakukwaruza.

Yule bibi tulimpima upya, kwa sababu gluu ilikuwa imeharibu kingo zote za ule ufa. Yako yakipasuka, yafunge kwenye kitambaa safi uje nayo, na usiache kipande hata kidogo.