Usajili wa Rangers uhesabiwe kwa kile kilichonunuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja ambayo mashabiki wengi wa besiboli hapa Texas, wakiwemo wenzangu wasemaji wa Kiswahili tunaoishi kati ya Dallas na Fort Worth, wamekuwa wakiirudia: kwamba klabu ya Texas Rangers ilitupa fedha zake ilipoanza kuwasajili wachezaji huru kwa mikataba mikubwa mwishoni mwa mwaka 2021. Wenye hoja hiyo hutaja misimu ya 2024 na 2025, ambapo timu ilishinda mechi 78, kisha 81, kati ya mechi 162 za kila msimu, na kukosa hatua ya mtoano mara zote mbili. Takwimu hizo ni za kweli. Ninachokikataa ni kuzifanya ndizo kipimo cha usajili wenyewe.

Mwaka 2021 Rangers walipoteza mechi 102. Tangu klabu hiyo ihamie Texas kutoka Washington mwaka 1972 haikuwa imetwaa ubingwa hata mara moja, na mashabiki wa umri wangu hatujasahau fainali ya 2011 dhidi ya St. Louis Cardinals, ambapo katika mechi ya sita kombe liliponyoka mara mbili likiwa limebakiza mpira mmoja tu. Katika hali hiyo uongozi ukampa Corey Seager mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 325, na Marcus Semien miaka saba kwa dola milioni 175. Nusu bilioni kwa watu wawili! Msimu uliofuata timu ikapoteza mechi 94, na waliokuwa wamebeza wakaona wamethibitishiwa.

Kisha ukaja mwaka 2023. Semien alicheza mechi zote 162 za msimu, na katika kura za mchezaji bora wa Ligi ya American, moja ya ligi mbili kuu za besiboli ya Marekani, Seager akashika nafasi ya pili na Semien ya tatu, nyuma ya Shohei Ohtani. Katika mechi ya kwanza ya World Series, yaani fainali ya ubingwa, dhidi ya Arizona Diamondbacks, Rangers wakiwa nyuma kwa 5-3 katika zamu ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, Seager aliupiga mpira ukatoka nje ya uwanja mwenzake akiwa kwenye besi, wakasawazisha, na Adolis García akaimaliza kazi katika zamu ya 11. Rangers walitwaa ubingwa kwa mechi nne dhidi ya moja, na Seager akatangazwa mchezaji bora wa fainali. Anayeligawa lile fungu la fedha kwa idadi ya mechi ambazo timu ilishinda, kana kwamba kila ushindi una uzito sawa, anauweka usiku ule katika mizani moja na mechi ya Mei ambayo hakuna anayeikumbuka.

Ni kweli kwamba hawakushinda wawili hao peke yao. García hakuwa usajili wa gharama, Josh Jung na Evan Carter walilelewa na klabu yenyewe, na Jordan Montgomery aliletwa katikati ya msimu kwa kubadilishana wachezaji. Lakini hilo linaniongezea hoja, kwa sababu mchezaji ghali hulipa pale anapokuta timu inayoweza kuutumia ubora wake. Los Angeles Angels walimpa Albert Pujols dola milioni 240 kwa miaka 10, na baadaye Anthony Rendon dola milioni 245 kwa miaka saba. Kwa muda wote wa mkataba wa Pujols walifika hatua ya mtoano mara moja tu, mwaka 2014, wakaondolewa bila kushinda mechi. Naye Rendon, aliyeandamwa na majeraha, hakuwahi kufikisha mechi 60 katika msimu mmoja akiwa nao. Hapo ndipo neno hasara linapostahili kutumika.

Jacob deGrom, mrushaji wa mpira, anahitaji daftari lake mwenyewe. Alisajiliwa Desemba 2022 kwa dola milioni 185 za miaka mitano, akaanza mechi sita tu mwaka 2023 kabla ya kufanyiwa upasuaji wa kiwiko, hivyo si haki kumhesabia ubingwa ambao wenzake waliupata yeye akiwa nje. Mwaka 2025 alianza mechi 30 na kurusha kwa kiwango cha juu, jambo ambalo limepunguza hasara bila kuifuta. Nathan Eovaldi, mrushaji mwingine aliyesajiliwa mwezi huohuo kwa dola milioni 34 za miaka miwili, ndiye aliyeshinda mechi tano za mtoano wa 2023 bila kupoteza hata moja. Nashangaa kwamba wanaojadili usajili wa Rangers humtaja kwa nadra sana.

Kuhusu Semien, nakubali kwamba upigaji wake ulishuka katika misimu miwili ya mwisho, na hilo lilitarajiwa kwa mchezaji aliyesaini akiwa na miaka 31. Mwishoni mwa 2025 klabu ilimpeleka New York Mets na kumpokea Brandon Nimmo, ambaye mkataba wake unafika 2030, miaka miwili zaidi ya ule wa Semien. Kwangu mimi malipo ya miaka ya mwanzo ya Semien yalirudi yote mwaka 2023. Kinachopaswa kuulizwa sasa ni kama ilikuwa busara kuubadili mkataba wake kwa mwingine mrefu zaidi, na hilo litaamuliwa na kazi ya Nimmo.

Wako,
Msomaji, Arlington, Texas