"Outwith" si kosa la chapa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji ili nijibu jambo moja lililoandikwa katika safu ya lugha, ambapo wanafunzi wanaopokea barua kutoka vyuo vikuu vya Scotland walishauriwa kwamba wakikutana na neno "outwith" walichukulie kuwa ni "without" lililopinduliwa kwa bahati mbaya na mpiga chapa. Ninaishi Glasgow na kazi yangu ni kutafsiri nyaraka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kwa heshima zote ninazompa mwandishi wa safu hiyo, ushauri huo utawaponza watu. Neno hilo limeandikwa sawasawa, lina umri wa karne nyingi, na maana yake ni "nje ya", wala si "bila".

Madhara ya kuyachanganya maneno hayo mawili si ya kubuni. Niliwahi kuletewa tangazo la wapangaji, lililokwisha kutafsiriwa na mtu mwingine na kubandikwa ukutani, lililosema kwamba bomba likipasuka "bila saa za kazi" mpangaji apige namba fulani ya simu. Asili ya Kiingereza ilizungumzia hitilafu zinazotokea nje ya saa za kazi, yaani usiku na siku za mapumziko. Mama mmoja wa jengo hilo, mwenyeji wa Bukavu, alinieleza kwamba alivyoelewa yeye, namba ile iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na ajira, na kwa kuwa yeye anafanya usafi hospitalini, hakuona kwamba inamhusu. Mama yule hakukosea kusoma. Kiswahili alichopewa kilisema hivyo hasa.

Sasa nije kwenye asili ya neno lenyewe, kwa sababu historia yake ndiyo inayoonyesha kwa nini kudhani ni kosa la chapa ni kuanzia mahali pasipo sahihi. "Without" katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya "upande wa nje wa", likiwa mwenzake "within", ambalo hadi leo lina maana ya "ndani ya". Mtu akitembea katika jiji la London atakuta mtaa wa Bishopsgate uligawanywa tangu zamani katika sehemu mbili, Bishopsgate Within na Bishopsgate Without, na sehemu hiyo ya pili haikukosa kitu chochote. Ilikuwa tu nje ya ukuta wa jiji. Shakespeare naye anapomfanya kijana Lysander apange kukutana na mpenzi wake msituni, msitu huo uko "without the town", yaani nje ya mji. Hata mwaka 1848, Cecil Frances Alexander alipowatungia watoto wimbo wa kanisani kuhusu kilima cha kijani kilichoko mbali, aliandika kwamba kilima hicho kiko "without a city wall", akimaanisha nje ya ukuta wa mji, na kwa kuwa watoto walijiuliza kilima kingehitajije ukuta wa mji, vitabu vingi vya nyimbo vya baadaye vilibadili neno hilo kuwa "outside".

Badiliko hilo dogo katika kitabu cha nyimbo linaeleza karibu kila kitu. Maana ya "bila" ilikuwa imekwisha kuota ndani ya "without" tangu zamani, ikakua taratibu mpaka ikaisukuma nje maana ya kwanza, na Waingereza wakajikuta hawana kihusishi kinachofaa cha kusema "nje ya". Walichofanya ni kulichukua jina "outside", lililokuwa likitaja upande wa nje wa kitu kama vile sanduku au nyumba, na kulipa kazi mpya ya kihusishi. Waskoti hawakupata shida hiyo, kwa kuwa walikuwa na "outwith", lenye viungo vilevile viwili vya "without" ila kwa mpangilio mwingine, pamoja na mwenzake "inwith" aliyekuwa na maana ya "ndani ya". Haki itendeke hapa: maneno hayo hayakuzaliwa Scotland peke yake. "Outwith" lilitumika pia kaskazini mwa England katika zama za kati, na "inwith" limo katika mashairi ya Chaucer, mtu wa London. Kilichotokea ni kwamba kusini waliyaacha yakafa, huku Waskoti wakiliacha moja na kulishika lingine.

Kwa nini walilishika hilo? Maoni yangu ni kwamba sababu kubwa ni sheria na biashara. Miji ya Scotland iliyokuwa na hati ya mfalme ilikuwa na haki za biashara ambazo mtu aliyeishi nje ya mipaka yake hakuwa nazo, na kwa hiyo katika kumbukumbu za mabaraza ya miji na katika sheria za bunge la kale la Edinburgh swali la nani yuko ndani ya mji na nani yuko nje lilikuwa swali la fedha. Neno linalotaja mpaka bila utata haliwezi kutupwa kirahisi na makarani ambao riziki yao inategemea mpaka huo.

Ajabu zaidi ni jinsi lilivyonusurika baada ya hapo. Mwaka 1707 bunge la Edinburgh liliunganishwa na la London, na karne hiyo wasomi wa Scotland wakashikwa na aibu ya lugha yao. Mwanafalsafa David Hume, mzaliwa wa Edinburgh, alitoa mwaka 1752 orodha ya maneno na misemo ya Kiskoti ambayo mwandishi mstaarabu alipaswa kuiepuka, na mwaka 1787 James Beattie wa Aberdeen akatoa kitabu kizima cha aina hiyohiyo. Maneno mengi ya Kiskoti yaliporomoka hadhi yakabaki ya mashambani na ya jikoni. "Outwith" halikuporomoka. Leo si neno la wakulima wala la washairi. Ni neno la mawakili, walimu wakuu, wauguzi na maofisa wa halmashauri, na wengi wao hawajui kabisa kwamba ni la kwao. Mtaalamu wa Kiskoti A. J. Aitken alizipa sifa za namna hii jina la Uskoti uliojificha, kwa kuwa msemaji huzitumia akiamini kwamba anazungumza Kiingereza cha kila mahali. Nimemwona mwenzangu wa ofisini, Mskoti wa kuzaliwa, akibishana na kompyuta iliyompigia mstari mwekundu chini ya neno hilo, akiamini kwamba programu ndiyo mbovu.

Hapa niingize jambo la pembeni linalonifurahisha. Kihusishi "but", ambacho wanafunzi wetu wanakijua kama "lakini", nacho kilianza na maana ya "nje", na katika Kiskoti kikapata maana ya "bila". Ukoo wa Chattan wa nyanda za juu za Scotland una kaulimbiu isemayo "Touch not the cat bot a glove" ("bot" ni "but" kwa tahajia ya zamani), yaani usimguse paka bila glavu, na nyumba ya kale ya vyumba viwili huitwa "but and ben", chumba cha nje na chumba cha ndani. Safari ya kutoka "nje ya" kwenda "bila", basi, imetembewa na zaidi ya neno moja katika kisiwa cha Britania, na "outwith" ni lile lililokataa kusafiri.

Kuna pia "anent", lenye maana ya "kuhusu", ambalo mwandishi wenu alilitaja kwa kupita kana kwamba ni la kundi hilohilo la makosa. Nalo ni halali. Sheria ya Scotland ya mwaka 1563 dhidi ya uchawi ilikuwa na kichwa "Anentis Witchcraftis", na ile ya mwaka 1703 kuhusu vita na amani ni "Act anent Peace and War". Kanisa la Scotland, ambalo wamisionari wake waliacha jina lao, "Scot" kwa matamshi ya Kikuyu, katika mji wa Thogoto karibu na Nairobi, lina sheria nyingi za mkutano wake mkuu zinazoanza na neno hilo. Tofauti ni kwamba "anent" limebaki katika makabrasha, nami sijawahi kulisikia dukani, ilhali "outwith" nalisikia kwenye basi.

Matumizi yake ya leo yana mpaka wake, na ni vizuri wanafunzi waujue. Mskoti hatakuambia umsubiri "outwith" mlango. Hapo atasema "outside" kama Mwingereza yeyote. "Outwith" hutumika panapokuwa na mzingo, uwe wa ardhi, wa muda au wa madaraka: nje ya jiji, nje ya muhula, nje ya uwezo wa mtu, nje ya majukumu ya kamati. Na hata kwenye ardhi lina usahihi ambao "outside" halina. Kijiji kinachosemwa kiko "outside Glasgow" msomaji atakifikiria kuwa jirani na Glasgow, lakini waombaji wanaotoka "outwith Glasgow" wanaweza kutoka Paisley, mji wa jirani, au Lagos au Mwanza, mradi tu wasiwe wa Glasgow. Sheria ya mwaka 1998 iliyounda upya Bunge la Scotland ilitungwa London, na kifungu chake cha 29, kinachosema kwamba bunge hilo likivuka mamlaka yake kilichovuka si sheria, kinatumia "outside". Mawakili na wabunge wa Edinburgh wanapokijadili kifungu hichohicho husema "outwith", na hakuna anayewasahihisha.

Msemaji wa Kiswahili hana sababu ya kuliogopa neno hili, maana sisi hatukuwahi kuzichanganya maana hizo mbili. "Bila" tulilipata kutoka Kiarabu likiwa tayari na maana ya kukosa, na "nje ya" tumelijenga wenyewe. Tunasema jambo liko nje ya uwezo wangu, na Mskoti naye husema hivyohivyo.

Hata hivyo, nisingependa wanafunzi waibebe "nje ya" kama ufunguo wa kila kufuli. Mzazi akiandikiwa kwamba shule haiwajibiki kwa mtoto "outwith" saa za masomo, ni bora aambiwe "kabla ya masomo kuanza na baada ya kumalizika", maana "nje ya" iliyokaa karibu na neno "shule" humfanya afikirie uwanja. Katika mikataba ya nyumba uangalifu unatakiwa zaidi. Panapotajwa mambo yaliyo "outwith" masharti ya mkataba, baadhi ya wafasiri huandika "kinyume cha masharti", na hapo mpangaji huonekana amevunja mkataba kwa jambo ambalo mkataba haukulitaja kabisa. Mimi huandika "yasiyoguswa na masharti ya mkataba huu", na mpaka sasa hakuna mwanasheria aliyenirudishia karatasi.

Wako,
Mfasiri, Glasgow